Kinanda Kimekula Ngoma Yangu

Sogea hapa jirani. Kalia hiyo kreti ya soda, lakini kalia upande huu, ule mwingine una msumari. Agiza chai, mimi nitalipa kesho. Nimechoka, wacha tu. Si kuchoka kwa shimo, la, shimoni sijashuka tangu mgongo ukatae. Nimechoka na kanisa. Usinikodolee macho. Mungu sina shida naye. Tumetoka mbali na yeye, ananijua, amenivumilia. Shida ni hawa watu wake. Kila Jumapili wana kitu kipya. Ukienda matanga ya shemeji tu, ukirudi unakuta mimbari imehamia upande wa dirisha, viti vimegeuzwa, na katoto ulikokafuta kamasi jana ndiko kanakuonyesha mahali pa kukaa.

Na wakibadilisha wanasemaje? Ati tumtegemee Mungu. Ukiuliza pesa imetoka wapi, tumtegemee Mungu. Ukiuliza benchi letu la zamani limeenda wapi, tumtegemee Mungu. Benchi liko kwa nyumba ya mtu wa kamati. Nimeliona kwa macho yangu. Kuku wanalala juu yake.

Sasa mimi mtu wa Osiri utanifundisha kumtegemea Mungu? Tangu wazungu wafunge ule mgodi wao wa Macalder miaka ya 1960, hapa Nyatike kila mtu anajichimbia dhahabu kivyake. Umewaona vijana asubuhi. Mtu ana tochi ya kichwa, ana tindo, ana kamba, na juu ya kichwa chake kuna magogo yanayozuia udongo usioahidi mtu yeyote kitu. Mkatoliki anapiga ishara ya msalaba. Wa Roho anapiga kofi moja. Msabato ananung'unika na Mungu wake kimyakimya. Wote wanashuka. Jioni mawe yanaenda kwa krasha, yanasagwa, yanaoshwa, mtu anachuchumaa na karai, anamwaga zebaki, anakoroga na kidole kilekile atakachokulia ugali. Mwisho anabaki na kitu kidogo mpaka ukiongea karibu naye anakufokea usikipeperushe. Jumapili anakimega hicho, analeta sadaka. Mtu kama huyo amtegemee Mungu namna gani tena? Kwa shimo imani ninayo. Kwa kamati ya kanisa ndipo inaisha.

Wacha nianze na ngoma, maana ndiyo inaniuma.

Unajua mimi ndiye niliyekuwa mtu wa ngoma. Noti sizijui. Kuimba pia, kusema ukweli, mwalimu wa kwaya aliniambia kwa heshima kwamba nipige kwa nguvu na niimbe kwa moyo, na akasisitiza hilo la moyo. Lakini ngoma ilikuwa yangu. Kila mtu kanisani ana cheo chake. Huyu ni mzee wa kanisa, yule ni mweka hazina, yule ni Muungano wa Akina Mama na kitambaa chake kichwani. Mimi nilikuwa na ngoma. Nikiingia kanisani nimechelewa, hakuna anayeninunia, maana bila mimi wimbo hauanzi. Hata wakwe walijua. Mtu akiuliza wameoza binti kwa nani, jibu ni kwa yule wa ngoma. Hawakutaja shimo langu, ambalo halijawahi kutoa kitu. Walitaja ngoma.

Sasa ikaitishwa harambee ya chombo. Chombo gani, sikuuliza. Mimi nikisikia harambee huwa natoa tu ili watu wasigeuke kunitazama. Nikatoa mia mbili. Nikapigiwa makofi. Kumbe nimechangia kufutwa kwangu mwenyewe! Chombo kikatoka Migori mjini kwa boda boda, kimefungwa blanketi, abiria wake amekikumbatia, na kufunguliwa ni kinanda. Kina vitufe vingi kuliko meno ya mamba. Kikapewa kijana wa kidato cha tatu. Akakaa. Akabonyeza kimoja kidogo chekundu pale pembeni. Du-tu-du-du, du-tu-du-du. Ngoma ikatoka ndani ya kinanda!

Jirani, hakuna mtu aliyekuwa anaipiga. Inajipiga. Haichoki, haitoki jasho, haiombi chai baada ya ibada. Mimi nimesimama na fimbo zangu mbili hewani, sijui nizishushe au nizifiche. Kijana akanitazama akatabasamu vizuri tu, mtoto ana adabu. Akauliza, "Mzee, nipunguze mdundo au niongeze?" Ananiuliza mimi! Nikamwambia aongeze. Ningesema nini?

Baada ya ibada mwenyekiti akanishika bega. "Baba, umetumika sana. Pumzika sasa." Ukiona kamati imekuonea huruma, jirani, jua barua imeshaandikwa. Nikapewa kazi nyingine, kubeba jenereta. Kinanda kinataka stima, stima yenyewe unaijua, kwa hiyo nyuma ya kanisa lazima jenereta liwe tayari. Wao wanaabudu ndani, mimi niko nje na petroli. Mahubiri nayasikia kupitia ukutani. Nasikia "Bwana asema" halafu jenereta linakohoa. Sijui Bwana alisema nini.

Hilo la kwanza. La pili ni kasisi.

Tuliambiwa tunaletewa kasisi mpya. Sisi tukachinja jogoo, tukapanga mstari, akina baba mbele na makoti. Gari likasimama. Akashuka mwanamume mrefu, amevaa shati safi, mimi nikawahi, nikamshika mkono kwa mikono miwili, nikamwambia karibu sana mtumishi wa Mungu, tumekungoja, sisi ni kondoo wako. Yule bwana akaniacha nimalize yote. Kisha akasema, "Asante, lakini kasisi ni mke wangu." Nikageuka. Mama ameshuka upande wa pili na kola nyeupe shingoni, anacheka. Hajaacha kunicheka mpaka leo. Akiniona na jenereta ananiita "kondoo wangu".

Kwenye mkutano nikasimama. Nilikuwa nimeudhika, unajua. Nikauliza kama jambo hili limeruhusiwa, au ni hizi dini za siku hizi za simu. Kijana wa kinanda, ni huyohuyo, akatoa simu yake akaanza kusoma. Kumbe mwanamke wa kwanza kupewa ukasisi katika Kanisa Anglikana la Kenya ni Lucia Okuthe, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na aliyemwekea mikono ni Askofu Henry Okullu wa Maseno South. Okullu wetu! Yule aliyekuwa akiitikisa serikali kutoka mimbarini wakati wengine wanakohoa tu. Na enzi hizo sisi wenyewe tulikuwa chini ya Maseno South, maana Dayosisi ya Southern Nyanza ilikatwa baadaye, 1993. Yaani jambo lilitokea kwetu nyumbani, na mimi nilikuwa hai, nina meno yote, na sikujua. Nilikuwa nasinzia wapi?

Kijana hakuniachia hapo. Ati wazungu wa Kanisa la Uingereza, waliotuletea kitabu na kola, walianza kuwapa wanawake ukasisi 1994. Sisi tulikuwa tumewapita zaidi ya miaka kumi. Ati Januari 2021 Emily Onyango akafanywa askofu msaidizi kule Bondo, mwanamke wa kwanza kuwa askofu katika kanisa letu nchini. Mwaka huohuo, Septemba, Rose Okeno akatawazwa askofu wa Butere, dayosisi nzima chini yake. Kila akisoma, akina mama wanapiga vigelegele. Mimi bado nimesimama. Hakuna aliyeniambia kaa. Nikabaki hivyohivyo mpaka ajenda ya choo.

Na mume wa kasisi ndiye alituchanganya zaidi. Zamani ilikuwa rahisi. Kasisi akija na mke, mke anaongoza akina mama, hata kama hataki, hata kama ni bubu. Sasa huyu mume tumweke wapi? Mama mmoja akapendekeza aongoze Muungano wa Akina Mama kwa muda. Yule bwana akasema yeye ni fundi wa simu na angependa kukaa nyuma na mtoto. Basi anakaa nyuma. Mtoto akilia anatoka nje, anakuja kukaa na mimi kwa jenereta. Ndiye mtu pekee kanisani anayenisalimia kabla ya baraka. Simu yangu alinitengenezea bure. Simpingi tena mke wake, lakini usimwambie mtu.

Lakini la mama mkwe, jirani, hilo ndilo lilinivunja.

Sikiza. Zamani kanisani kwetu wanaume walikaa kulia, wanawake kushoto. Kila mtu anajua mahali pake. Na kile kikanisa kidogo cha upande wa mtoni, anakosali mama mkwe, kilikuwa chao, mbali na chetu, Mungu asifiwe. Sisi Wajaluo mambo ya mama mkwe unayajua. Ukikutana naye njiani unampisha. Mkono humpi. Mezani huketi naye. Si chuki, ni heshima, na heshima hiyo ndiyo imeshikilia ndoa nyingi hapa Nyatike. Ya kwangu mimi, nakuhakikishia.

Sasa kamati ikaamua. Kikanisa chao kimepungukiwa watu, kiunganishwe na chetu. Sawa. Halafu kasisi akasema familia zikae pamoja, baba, mama, watoto, nyanya. Sawa tena, mimi niko nje na jenereta, itanihusu nini? Jumapili hiyo stima ikakaa. Stima ambayo haikai, siku hiyo ikakaa! Nikaitwa ndani, ati baba njoo ukae na familia yako. Nikaingia. Kiti kilichobaki ni kimoja. Upande huu ukuta. Upande ule mama mkwe.

Nilikaa na nusu ya tako. Nusu nyingine niliikabidhi kwa ukuta. Nilikazia macho pale mbele nikasoma tangazo la semina ya vijana mpaka nikalikariri, pamoja na namba ya simu. Mama mkwe naye amejikunja, ameshika mkoba wake kifuani, macho kwenye dari. Tungeweza kumaliza hivyo salama. Lakini kasisi akafika pale pa amani. "Sasa tupeane amani ya Bwana, kila mtu amsalimie jirani yake." Kinanda kikaanza polepole. Watu wakainuka, wanashikana mikono, wanakumbatiana. Mimi nikageukia ukuta. Nikausalimia ukuta. Walahi nilinyoosha mkono nikaugusa, nikasema amani. Nyuma yangu watoto wa Sande skuli wakaangua kicheko. Mwanangu wa mwisho akasema kwa sauti, "Baba, nyanya yuko huku!"

Haikuishia hapo. Meza ya Bwana ikafika. Mnapiga magoti safu moja, na kikombe ni kimoja. Anakunywa huyu, kinafutwa, anakunywa yule. Mama mkwe mbele yangu. Mimi nafuata. Sijawahi hata kunywa maji kwa kikombe cha nyumba yake, nimepewa damu ya Yesu kutoka midomoni mwake! Kasisi ananitazama, kikombe kiko hewani, mimi nimefunga mdomo. Akasema taratibu, "Kondoo wangu, fungua." Nikafungua. Divai ikapita njia isiyo yake. Nilikohoa mpaka kwaya ikaongeza ubeti.

Usiku Mama Watoto akaniletea ujumbe, maana mama mkwe haongei nami moja kwa moja. Ati mama anasema nisijisumbue, yeye pia hakulala. Ati anasema alipokuwa mtoto mdogo huko upande wa Kisumu, mwaka 1957, kanisa lao lilipasuka katikati. Ndio wakati ule wa kasisi Matthew Ajuoga na wenzake, waliotoka na kuanzisha Kanisa la Kristo katika Afrika, wale tunaowaita Johera. Baba yake akaenda na Ajuoga. Mama yake akabaki na Waanglikana. Jumapili wanatoka nyumba moja, wanafika njia panda, baba kulia, mama kushoto, watoto wanagawanywa kama wali. Mchana wanarudi, wanakula chungu kimoja. Hakuna aliyemuuliza mwenzake Mungu amesema nini kule. Mama mkwe ndiye alikuwa anaenda na baba yake, sababu huko waliimba zaidi.

Nikamuuliza Mama Watoto, huo ujumbe maana yake nini, nihame au nibaki? Akasema hajui, yeye ametumwa tu, na nizime taa.

Kuhama nilikufikiria, sitakuficha. Hapa kwetu kuhama kanisa si aibu, ni desturi. Mjaluo ukimuudhi kanisani hapigani, anaenda kuanzisha lake. Mwaka 1906 Wasabato walitua Gendia kule Homa Bay, mwaka huohuo Waanglikana wakafungua Maseno. Haijapita hata miaka kumi, Johana Owalo, aliyekuwa amepita kwa Wakatoliki na kwa Waanglikana akiwapima, akatoka akaanzisha Nomiya, 1914, kanisa la kwanza la Waafrika wenyewe hapa Kenya. Miaka ya 1960 Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko wakatoka kwa Wakatoliki na umati mkubwa, ndiyo Legio Maria hiyo. Na mlima wao mtakatifu si uko hapahapa Migori, Got Kwer, alikozikwa Ondeto 1991? Mahujaji wanapita na kanzu zao mpaka unaona haya kusimama na jenereta.

Kwa hiyo nikapiga hesabu. Legio Maria nawapenda, wana ngoma, tena za kutosha. Lakini Mama Watoto akauliza kitu kimoja. Kanzu nyeupe, na hili vumbi la Osiri, nani atakuwa anafua? Akataja bei ya sabuni. Tukaiacha hiyo.

Nikajaribu Wasabato Jumamosi moja, kimyakimya. Watu wazuri, wananyoosha suti hata soksi. Lakini kabla ya mahubiri wana lile somo, mnakaa vikundi, mnaulizwa maswali, unajibu na mstari wa Biblia. Kikundi changu kilikuwa na mtoto wa darasa la sita anayejibu kabla swali halijaisha. Wakaniuliza mimi. Nikasema mimi ni mpita njia. Yule mtoto akanitajia mstari kuhusu wapita njia. Halafu chakula kikaja, kitamu, lakini nikauliza chai iko wapi. Chai hawanywi. Nikauliza, na mumi? Mumi hana magamba, hawali. Jirani, mimi nimekulia mumi. Nikiachana na mumi na chai siku moja, atakayebaki ni nani?

Kuanzisha langu pia niliwaza, wakati usingizi umekataa. Jina nilikuwa nimelipata. Lakini unahitaji maono, na mimi huota deni tu. Unahitaji pia mfuasi wa kwanza, na nilipomwambia Mama Watoto akaniuliza kama nimekula. Halafu tangu yale ya Shakahola, 2023, watu zaidi ya 400 kufukuliwa msituni Kilifi kwa sababu walimwamini mtu mmoja aliyesema Mungu ndiye amemwambia, hapa mtaani ukisema umeonyeshwa jambo, jirani yako anapiga simu kwa chifu kabla hujamaliza sentensi. Na afanye hivyohivyo. Mungu mtegemee ukiwa umekula.

Basi nikabaki. Si kwa ushujaa. Nauli haikutosha.

Ukibaki nako kuna mateso yake. Mfano sadaka. Zamani ulikuja mfuko wa kitambaa, mrefu, mweusi. Unaingiza ngumi, unatoa kiganja. Ulichoacha humo ni siri yako na Baba yako aliye sirini. Mimi nimetoa shilingi kumi miaka mingi kwa ngumi ya mtu wa elfu. Sasa tunatuma kwa M-Pesa. Namba iko ukutani, herufi kubwa, nayo projekta inaimulika. Ukituma, jina lako linaingia kwa simu ya mweka hazina, na kiasi, na dakika. Mweka hazina anainua macho, anakutafuta. Zamani Mungu peke yake ndiye alijua mimi ni bahili. Sasa wako wawili, na mmoja anacheza draft na mimi jioni.

Wakati wa korona ndio nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe. Makanisa yalifungwa Machi 2020, yakafunguliwa Julai na masharti: watu 100, saa moja tu, na aliyepita miaka 58 abaki nyumbani. Saa moja! Kwetu saa moja ni matangazo. Watu wakaacha kushikana mikono kabisa, nchi nzima ikawa inasalimiana kama mimi na mama mkwe. Hata viwiko tulipeana kwa wasiwasi. Niliona serikali hatimaye imeelewa mila.

Na wanasiasa, hao nao wametolewa kwa mimbari. Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alisema palepale Butere, siku ya kumtawaza Rose Okeno: wanasiasa karibuni kusali, lakini maiki hampewi. Na Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi, ambaye miaka mingi alikuwa askofu wa Wakatoliki kule Homa Bay, akaagiza pesa za Rais zilizotolewa kanisani kule Soweto, Embakasi, zirudishwe. Vizuri sana. Nilipiga makofi. Kisha mvua ikanyesha na nikakumbuka yale mabati matatu yanayovuja juu ya jenereta yalikuwa yameahidiwa na mheshimiwa fulani. Sasa mheshimiwa akija anakaa kwa kiti cha plastiki, anaimba, anaondoka. Mabati ameondoka nayo mdomoni.

Sasa sikiza ya juzi, ndiyo maana umenikuta hapa na uso huu.

Ibada ya wageni. Dekano nzima. Kasisi amevaa vizuri, kwaya ina sare mpya, kinanda kinang'aa. Wimbo wa kuingia umefika ubeti wa pili, stima ikaenda. Kimya. Kijana anabonyeza, hakuna du-tu-du. Watu wote, wote jirani, wageni kwa wenyeji, wakageuka kutazama mlango wa nyuma. Nikajua saa yangu imefika. Nikashika kamba ya jenereta. Nikavuta. Likakohoa. Nikavuta tena, likatema moshi usoni. Mume wa kasisi akaweka mtoto chini, akaniambia nivute kwa nguvu mara moja. Nikavuta kwa nguvu mara moja. Kamba ikabaki mkononi.

Lakini moyoni nilikuwa nafurahi! Niliwaza, sasa watakumbuka ngoma. Nikaitupa kamba, nikakimbia stoo. Ngoma ipo. Nikaiinua, ikawa nzito. Ndani mtu ameweka mahindi ya sadaka, na ngozi ya chini wameipasua ili mahindi yaingie. Nikabaki nimeikumbatia, mahindi yanamwagika miguuni, puu, puu, kila ninapopiga.

Na huko ndani nasikia nini? Wimbo. Mtu ameuanzisha tena kwa sauti nyembamba, ya zamani, ya juu kabisa, bila chombo. Wa pili akamfuata. Mara kanisa zima, na viatu vinapiga saruji, na makofi. Walienda mpaka ubeti wa mwisho, wakaurudia ule wa kwanza. Hawakukosea popote. Nikachungulia dirishani. Anayeongoza ni mama mkwe, amesimama juu ya ile nusu ya kiti changu, mkoba bado ameukumbatia.

Hawakuhitaji kinanda. Sawa, nilikubali hilo. Lakini pia hawakuhitaji ngoma! Miaka yote ile, jirani, nimepiga mpaka vidole vimepinda, na kumbe walikuwa wananivumilia!

Baada ya ibada nilidhani atakuja mtu kunipa pole. Akaja mweka hazina. Anataka kujua mahindi ya sadaka yalikuwa gorogoro ngapi kabla sijayamwaga, na kamba ya jenereta italipwa na nani. Nikamwambia tumtegemee Mungu. Akasema hiyo ni sawa, lakini namba ya M-Pesa ninaijua, iko ukutani.

Hiyo chai unamaliza? Basi nisukumie hapa.